Bwawa jipya la kuogelea linasumbua: soma geji kabla ya kuvunja vigae

Nimeitwa Lanet na Kiamunyi za Nakuru, Milimani ya Kisumu na hata pembeni mwa Kakamega, nikakuta vigae vimeng'olewa kutafuta bomba lililopasuka, kumbe bomba ni zima kabisa. Kilichokuwa kimeharibika ni ule mpira wa kifuniko cha pampu, kipete chembamba unachokitoa kwa mkono na kukifuta kwa kitambaa. Mwenye nyumba ameshalipa kubomoa, atalipa kurudishia, na bado maji hayazunguki. Jambo hili linaniuma, kwa sababu bwawa lenyewe lilikuwa limeshaonyesha tatizo liko upande gani.

Nimepanga mwongozo huu kwa malalamiko jinsi yanavyonifikia kwa simu. Katika kila lalamiko nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi na kinachopimika bila gharama, ndipo nikaenda kwenye vyanzo vya nadra. Mahali pa kuacha na kumwita mtu mwenye ujuzi nimepataja waziwazi. Hapo naomba uache kweli.

Kwanza ujue maji yanapita wapi

Maji hutoka bwawani kupitia skima, yaani lile dirisha la ukutani lililo usawa wa maji, na kupitia tundu la chini. Pampu huyavuta, huyasukuma ndani ya filta ya mchanga, kisha yanarudi bwawani kupitia midomo ya ukutani. Kila kilicho kabla ya pampu ni upande wa kuvuta, na kila kilicho baada yake ni upande wa kusukuma. Pampu ikiwa inafanya kazi, ufa wa upande wa kuvuta huingiza hewa, na ufa wa upande wa kusukuma hutoa maji.

Juu ya filta kuna geji ya presha. Maji yakirudi kidogo na geji ikawa imeshuka, kizuizi kiko kabla ya pampu. Maji yakirudi kidogo na geji ikawa imepanda, kizuizi kiko baada ya pampu. Ukishika hilo tu, umeshaondoa nusu ya mahali pa kutafuta.

Lakini imepanda au imeshuka kutoka wapi? Ndiyo maana siku ya kwanza bwawa linapokabidhiwa, filta ikiwa safi na maji yanazunguka vizuri, chukua kalamu isiyofutika uandike kwenye mwili wa filta namba ambayo geji inaonyesha. Kwa bwawa la nyumbani mara nyingi huwa kati ya psi 8 na 15, ila namba ya bwawa lako ndiyo yenye maana. Kisha zima pampu. Mshale ukikataa kurudi sifuri, geji imekufa. Nunua nyingine kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine wowote.

Kabla ya kugusa chochote: zima stima kwenye swichi kuu ya pampu na umwambie kila aliye nyumbani asiiwashe. Usigeuze mkono wa vali ya filta pampu ikiwa inafanya kazi, hata kidogo, kwa sababu gasketi ya ndani hupasuka mara moja. Na usifungue kifuniko au bano la filta kabla ya kutoa presha mpaka geji isome sifuri. Kifuniko cha filta kikiruka kinaweza kuua mtu.

"Fundi, pampu inanguruma lakini maji hayarudi"

Hili ndilo lalamiko namba moja kwa bwawa jipya. Injini inazunguka, ukichungulia kwenye kifuniko cha kioo cha pampu unaona maji nusu au hewa tupu. Pampu haijashika maji. Izime. Pampu ikizunguka kavu kwa dakika kadhaa, maji machache yaliyobaki ndani huchemka, sili ya shafti huungua na viungio vya PVC vilivyo karibu hulegea kwa joto. Kosa dogo linakuwa ununuzi wa pampu.

Anza na usawa wa maji. Yanapaswa kufika katikati ya mdomo wa skima. Wakati wa kiangazi, Januari na Februari, maji hushuka bila mtu kugundua na skima huanza kumeza hewa. Angalia pia kile kijilango kinachoning'inia ndani ya skima, maana kikikwama kimesimama, maji hayapiti hata bwawa likiwa limejaa.

Halafu vali. Kwenye mjengo mpya hili hunikuta sana: mkono wa vali umefungwa kinyume, kwa hiyo unaonyesha wazi kumbe imefunga. Vali nyingi za PVC zenye tufe ndani huwa wazi mkono unapolala sambamba na bomba, lakini aliyeifungua kuisafisha anaweza kuirudisha vibaya. Ukiwa na shaka, geuza kidogo vali hiyo ya bomba (si ile ya filta) na usikilize. Vali ya njia moja nayo ina mshale mwilini. Mshale ukielekea kinyume na maji yanakokwenda, hakuna pampu duniani itakayoyapitisha.

Kisha kifuniko cha pampu. Fungua, toa kile kipete cha mpira, kifute, kipitishe kati ya vidole ukitafuta ufa. Futa pia mfereji wake. Chembe moja ya mchanga wa kazi ya plasta inatosha kuingiza hewa. Kipake grisi ya silikoni, wala usitumie mafuta ya kupaka mwilini, kwa sababu baadhi ya mipira huvimba na kulegea ikiguswa na mafuta yatokanayo na petroli. Safisha kikapu, jaza chungu cha pampu maji mpaka juu, funga kwa mkono bila spana, washa. Pampu nzuri hushika maji ndani ya dakika chache. Zikipita tano bila mafanikio, zima.

Ikiwa bado, tafuta hewa inakoingilia. Pampu ikiwa inajaribu kuvuta, mwagia maji polepole kwenye kila kiungo cha upande wa kuvuta, kimoja baada ya kingine: kifuniko, nyuzi za bomba linaloingia kwenye pampu, yunioni (kiungo kinachofunguka kwa kuzungusha), shina la vali. Mwaga kwenye viungo tu, mbali na injini na nyaya. Kiungo ambacho ukikimwagia hewa inapungua kwenye kioo, ndicho chenyewe. Povu la kunyolea ndevu hufanya kazi hiyohiyo, kwani litanyonywa na kuacha kitobo. Kiungo cha nyuzi pale bomba linapoingia kwenye pampu ndicho kinachoongoza, hasa ikiwa pampu imewahi kupata moto. Plastiki hujikunja na haikazi tena. Kuizungushia tepu juu kwa juu hakusaidii kitu. Kata, weka kiungo kipya, subiri gundi ikauke saa 24 kabla ya kuiwekea presha.

Chanzo kingine kinapatikana kwenye bwawa jipya peke yake: kizibo kilichosahaulika. Mafundi wanapopima mabomba au kupiga plasta, huziba midomo kwa vizibo vya mpira, karatasi za saruji au mfuko wa plastiki. Kimoja hubaki ndani. Nimewahi kutoa kwenye tundu la chini mfuko mzima wa saruji uliokunjwa. Dalili yake ni kwamba njia moja haivuti kabisa huku nyingine ikivuta vizuri. Funga skima uache tundu la chini peke yake, kisha fanya kinyume chake, utaijua iliyoziba.

Usikodi kompresa ya watu wa kujaza magurudumu kuja kuipuliza. Naona hili likifanyika na linanitia hofu kila mara. Maji hayabaniki, lakini hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu, na bomba la PVC likishindwa hupasuka kama kioo, vipande vikaruka. Tumia mpira wa kumwagilia bustani ukiwa umezungushiwa kitambaa kwenye mdomo wa bomba la upande wa pampu, ukisukuma maji kurudi bwawani kwa presha ya kawaida. Kizuizi kikikataa kutoka kwa maji, mwite fundi mwenye kamera ya mabomba.

Mwisho wa sehemu hii ni jambo ambalo mchoraji wa nyumba angepaswa kulifikiria mapema. Pampu haivuti maji kwa nguvu zake. Inapunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji kupanda. Usawa wa bahari, hewa hiyo inaweza kupandisha maji mita 10 na kidogo kwa hesabu kavu. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya bahari, inabaki mita 9. Nakuru, kwenye mita 1,850, inabaki mita 8 na kidogo. Msuguano wa mabomba na kona unakula sehemu kubwa ya hizo. Kwa hiyo chumba cha pampu kilichojengwa juu mlimani, mbali na bwawa, ambacho kingevumilika Mombasa, Nakuru kitasumbua kila asubuhi. Kama chumba kiko zaidi ya mita moja juu ya maji, weka vali ya njia moja nzuri kwenye upande wa kuvuta. Kikiwa juu sana kuliko hapo, zungumza na mhandisi kuhusu kukihamisha. Inaumiza kusikia, najua.

"Viputo vinatoka kwenye midomo"

Dakika za kwanza baada ya kuwasha ni kawaida. Vikiendelea, hewa inaingia upande wa kuvuta, basi rudia ukaguzi wa hapo juu, ukianza na usawa wa maji. Ukiona kimbunga kidogo cha maji ndani ya skima, funga kidogo vali ya skima na ufungue zaidi ya tundu la chini.

"Maji yanarudi kidogo na geji imepanda"

Bwawa jipya lina vumbi la plasta na la grauti ya vigae. Vumbi hilo ni jembamba na linaziba mchanga wa filta haraka kuliko uchafu wa kawaida. Wiki za kwanza unaweza kuosha filta kila siku mbili, na hiyo si kasoro ya filta. Kanuni ni kuosha geji inapopanda psi 8 hadi 10 juu ya ile namba uliyoiandika siku ya kwanza.

Zima pampu. Geuza vali kwenye nafasi ya kuosha. Washa kwa dakika mbili au tatu mpaka maji kwenye kile kikombe kidogo cha kioo cha vali yawe safi. Zima. Geuza kwenye kusuuza, washa nusu dakika hadi moja. Zima. Rudisha kwenye kuchuja. Watu huruka kusuuza ili kuokoa maji, halafu wanashangaa vumbi limerudi bwawani. Pampu inayosukuma lita 12,000 kwa saa itamwaga takriban lita 600 kwa dakika tatu, kwa hiyo upange maji hayo yaende wapi. Yasiingie kwa jirani wala kwenye kisima.

Ukiosha na geji isishuke, angalia vali za upande wa kurudisha, kisha fungua midomo ya ukutani moja baada ya nyingine. Kokoto, vipande vya vigae na mabaki ya gundi hukaa hapo. Halafu kuna mchanga wenyewe. Kama mtu alitumia shabu nyingi kusafisha maji ya mto au ya ziwa na kuyapitisha kwenye filta, mchanga wa juu unaweza kuwa umegandamana kama keki. Fungua filta baada ya kutoa presha, chimba kwa mkono sentimita kumi hivi. Ukikuta mabonge, yavunje na uoshe. Mchanga ukiwa umeshikamana wote, ubadilishe.

Na ikiwa mchanga uliowekwa ulitolewa mtoni kama wa kujengea, hilo ndilo tatizo lako. Filta inahitaji mchanga wa silika uliochekechwa, chembe za nusu milimita hivi. Mchanga wa mto una udongo na chembe za kila ukubwa. Ndogo zinapita, kubwa hazichuji.

"Maji yanarudi kidogo na geji imeshuka, na pampu inalia kama ina kokoto"

Vikapu kwanza, cha skima na cha pampu. Kisha vali za kuvuta zilizofunguka nusu. Kisha impela, yaani gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji: takataka za mjengo zilizopita wakati kikapu kilikuwa kimetolewa hukwama kwenye matundu yake. Stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, toa kikapu, ingiza kidole au waya laini uhisi. Vipande vya PVC vilivyokatwa kwa msumeno ndivyo ninavyovitoa mara nyingi.

Ikiwa kote ni safi na pampu bado inalia, angalia unene wa bomba. Chukua bwawa la mita 10 kwa 5 lenye wastani wa kina cha mita 1.5. Hizo ni lita 75,000. Kuzizungusha zote kwa saa sita kunahitaji lita 12,500 kwa saa. Bomba la milimita 50 upande wa kuvuta, kwa mwendo salama wa mita 1.5 kwa sekunde, linabeba kama lita 8,500 tu. La milimita 63 linabeba zaidi ya 13,000. Bomba moja jembamba likibebeshwa kazi hiyo, pampu inakosa maji, mapovu yanaundwa na kupasuka kwenye impela. Hiyo ndiyo sauti ya kokoto, na inaila impela taratibu. Kununua pampu kubwa zaidi kunazidisha tatizo. Ama njia ya pili ya kuvuta iongezwe, au pampu ndogo iwekwe na izunguke kwa saa nyingi zaidi.

"Mdomo mmoja una nguvu, wa mwisho unapumua tu"

Mara nyingi mabomba yamepangwa kama mkufu: mdomo wa kwanza unakunywa, wa mwisho unabakiwa na makombo. Weka kijicho (kile kipande cha mdomo kinachoelekeza maji) chenye tundu dogo kwenye midomo ya karibu na chenye tundu kubwa kwenye ya mbali. Elekeza midomo yote upande mmoja, chini kidogo, maji yatembee kama kijito kuelekea skima. Mdomo mmoja ukiwa umekufa kabisa wakati mingine ni mizima, rudi kwenye habari ya vizibo vilivyosahaulika.

"Mchanga unarudi bwawani"

Kidogo, baada ya kuweka mchanga mpya, ni ukosefu wa kusuuza. Ukiendelea kila siku chini ya midomo, vidole vya plastiki vilivyo chini ya filta vimevunjika. Kwenye filta mpya chanzo chake kinajulikana: mtu alimwaga mchanga kutoka juu kabla ya kujaza filta maji nusu. Maji ndiyo yanayoupokea ule uzito. Hapa hakuna njia ya mkato, mchanga wote utoke, vidole vibadilishwe, na safari hii maji yatangulie.

"Maji yanapungua kila siku"

Hapa ndipo vigae vinapovunjwa bila sababu, kwa hiyo twende polepole.

Jua na upepo huchukua maji. Kwa Kisumu na Nakuru, milimita 4 hadi 7 kwa siku ni jambo la kutarajia, na zaidi kukiwa na upepo mkavu. Kwanza tofautisha hilo na kuvuja. Chukua ndoo, iweke kwenye ngazi ya bwawa, ijaze maji ya bwawa mpaka usawa wa ndani ulingane na wa nje, weka jiwe isielee. Piga alama ndani na nje. Baada ya saa 24, linganisha. Zikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, panavuja. Mvua ya alasiri ikinyesha, kama ilivyo kawaida ya Kisumu, futa matokeo uanze upya.

Usidharau sentimita moja. Bwawa la mita 10 kwa 5 likishuka sentimita moja ni lita 500. Siku 20 ni lita 10,000, bauza zima la maji limeingia ardhini.

Sasa rudia kipimo mara mbili, siku moja pampu ikiwa inafanya kazi na siku moja ikiwa imezimwa.

Likishuka zaidi pampu inapofanya kazi, kuvuja kuko upande wa kusukuma. Kabla ya kuchimba, nenda mwisho wa bomba la kumwagia maji ya kuosha filta. Maji yakidondoka pale wakati vali iko kwenye kuchuja, gasketi ya ndani ya vali imechanika na bwawa linajimwaga polepole. Ni kazi ya saa moja na gasketi moja.

Likishuka zaidi pampu ikiwa imezimwa, shuku upande wa kuvuta. Pampu inapofanya kazi ule ufa unavuta hewa badala ya kutoa maji, kwa hiyo pengine umeona viputo pia.

Likishuka sawa siku zote mbili, shuku bwawa lenyewe. Acha maji yashuke yenyewe, pampu ikiwa imezimwa, uangalie yanasimama wapi. Yakisimama usawa wa mdomo wa skima, ni kiungo kati ya plastiki ya skima na zege, ambacho ndicho kinachovuja kuliko vingine vyote kwenye bwawa la zege. Yakisimama usawa wa taa, ni bomba la waya la taa. Yakisimama usawa wa midomo, ni midomo. Maji yakishatulia kabisa, shika rangi ya chakula kwenye sindano isiyo na ncha na uiachie tone moja mbele ya sehemu unayoishuku. Ikivutwa kuingia ukutani, umeupata ufa. Gundi ya epoksi inayoganda chini ya maji itaziba ufa mdogo wa skima au mdomo. Taa ni jambo la fundi wa umeme, usiifungue mwenyewe.

Haya yote yakishindwa, ndipo mabomba yapimwe, moja moja, kwa maji na kwa psi 20 hadi 30, na mtu mwenye vifaa vya kufanya hivyo. Kipimo hicho kilipaswa kufanywa kwa muda wa saa 24, kabla ya kufukia udongo. Kama bwawa lako bado linajengwa unaposoma haya, kidai leo, na upige picha za geji mwanzoni na mwishoni.

Udongo wetu nao una tabia zake. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Bomba lililolazwa ndani yake bila kitanda cha mchanga hukatika pale linapotoka kwenye ukuta wa bwawa. Nakuru, chini ya mlima Menengai, udongo ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, na maji yanayovuja huubeba na kuacha tundu chini ya sakafu. Ukigonga sakafu ya pembeni ikalia tupu, au vigae vikazama, au ufa ukaanza kukua, zima pampu, zuia watoto kupita hapo, mwite mhandisi wa majengo. Usitie saruji juu.

Na usimwage bwawa lote ili kutafuta ufa. Maji yaliyo ndani ndiyo yanayolikandamiza chini. Maeneo ya Kisumu yaliyo karibu na Ziwa Victoria, kama Dunga na Nyalenda, maji ya ardhini yako juu, na msimu wa masika hupanda zaidi. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maji hayo mahali pengi yalikuwa karibu kabisa na uso wa ardhi. Bwawa tupu kwenye udongo uliolowa linaweza kuinuka kama mtumbwi, likang'oa mabomba yote. Hilo halirekebishiki. Kumwaga bwawa kuamuliwe na mtu aliyekwisha kupima maji ya ardhini.

"Maji yanamwagika kutoka kwenye tangi pampu ikizimwa"

Hili ni kwa mabwawa ya kufurika ukingoni, ambayo maji yanayofurika hukusanywa kwenye tangi la kusawazisha. Ama vali ya njia moja haifungi, au tangi la kusawazisha ni dogo kuliko maji yanayorudi. La kwanza ni kusafisha vali, la pili ni ujenzi. Usiingie ndani ya tangi hilo peke yako.

"Mtoto amesema tundu la chini linamvuta mguu"

Toa watu wote majini sasa hivi na uzime pampu.

Tundu moja la chini lililounganishwa moja kwa moja na pampu linaweza kumshika mtoto, au nywele zake, kwa nguvu ambayo mtu mzima hawezi kuishinda kwa mikono. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2007 kuhusu vifuniko vya matundu haya baada ya mtoto wa miaka 7 kufa hivyo. Bwawa salama lina matundu mawili ya chini yaliyoachana zaidi ya mita moja, yakiunganishwa bomba moja, kila moja na kifuniko kilichobinuka kisichozibika na mwili. Nimekuta mabwawa mapya yenye tundu moja na kifuniko bapa cha bafuni. Ukikuta hivyo, funga vali ya tundu la chini, endesha skima peke yake, na bwawa lisitumike mpaka lirekebishwe. Swichi ya kuzima pampu iwe mahali ambapo mtu anaifikia kwa kukimbia, pasipo kutafuta funguo.

"Stima inakata, au pampu inavuma bila kuzunguka"

Kuvuma bila kuzunguka ni kapasita iliyokufa (kile kifaa kinachoisaidia injini kuanza kuzunguka), stima hafifu ya jioni, au impela iliyokwama. Zima ndani ya sekunde chache kabla koili haijaungua. Kwa pampu ya nyaya tatu za moto, angalia kama inazunguka kinyume, kwa sababu inaweza kusukuma maji, ila hafifu.

Swichi ya kinga ya miliampia 30 ikikata, iache ilivyo. Usiipite kwa waya wala kuiweka ya miliampia nyingi zaidi. Inakata kwa sababu umeme unavuja kuelekea mahali, na mahali hapo panaweza kuwa majini. Mtu yeyote akihisi kutekenywa ndani ya bwawa au akigusa ngazi ya chuma, toa watu, zima swichi kuu ya nyumba bila kugusa chochote chenye maji, na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na mafuta. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo.

Unapompigia fundi

Mwambie geji inasoma ngapi sasa na ilisoma ngapi siku ya kwanza. Mwambie kioo cha pampu kina maji au hewa, ndoo ilishuka kiasi gani na bwawa kiasi gani, pampu ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Mtumie picha ya vali zote zikionekana pamoja na mabomba yanakotoka. Fundi akifika na kuomba nyundo kabla hajaitazama geji wala kufungua kifuniko cha pampu, mwombe asubiri kwanza, umwonyeshe ile namba uliyoiandika kwenye filta.